Umoja wa Askari Huanza kwa Mkufunzi

Askari anaweza kufundishwa kwata kwa muda wa miezi michache. Anaweza kufundishwa kufungua bunduki na kuifunga gizani, kusoma ramani, kuchimba handaki na kumtii mkubwa wake. Lakini lipo jambo moja ambalo halikutengewa saa maalumu katika ratiba ya depo, nalo ndilo linaloamua kama mafunzo hayo yatafaa siku ya shida. Jambo hilo ni ile hali ya watu waliotoka sehemu mbalimbali, wasiojuana na pengine wasioaminiana, kujiona kuwa kitu kimoja. Historia ya Afrika Mashariki na ya majirani zake wa kusini inaonyesha kwamba hali hiyo haiji yenyewe. Hutengenezwa, na fundi wake wa kwanza ni mkufunzi.

Msikilizaji aliye jeshini au polisi hana haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Tarehe 20 Januari, 1964, askari wa kikosi cha kwanza cha Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, ambayo baadaye ilikuja kuitwa Lugalo. Siku ya pili yake kikosi cha Tabora kikafuata. Tarehe 23 wakaasi askari wa Jinja, Uganda, na tarehe 24 wakaasi wa Lanet, Kenya. Vikosi hivyo vyote vilirithiwa kutoka King's African Rifles, na hapana aliyeweza kudai kwamba askari wake hawakuwa wamefunzwa. Kwata walilijua na shabaha waliijua. Malalamiko yao yalihusu mishahara midogo na maofisa wa Kiingereza walioendelea kushika amri hali bendera ya mkoloni imekwisha kushushwa. Aliyewafunza alikuwa na mesi yake, nyumba yake na nchi yake. Aliwafunza kutii, lakini hakuwa na sababu ya kuwafunza kwamba wao, yeye na raia wa nje ya lango la kambi walikuwa watu wa nyumba moja. Ilipofika tarehe 25, maasi ya Colito yalizimwa na askari wa Kiingereza waliotoka baharini, jambo lililokuwa fedheha kwa taifa changa. Vikosi hivyo vya Tanganyika vilivunjwa, na tarehe 1 Septemba, 1964, likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania.

Katika mwaka huohuo, kazi nyingine ya ujenzi wa namna hiyo ilianza Kongwa, katika Mkoa wa Dodoma. Mahali hapo Waingereza walikuwa wameacha majengo ya mpango wao wa karanga, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya paundi bila ya mavuno ya maana. Serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru sehemu hiyo, na miongoni mwa waliotangulia kufika walikuwa vijana wa FRELIMO waliorejea kutoka mafunzoni Algeria. Mmoja wao alikuwa Samora Machel, ambaye kabla ya hapo alikuwa muuguzi wa hospitali huko Lourenço Marques, mji ambao baada ya uhuru ulipewa jina la Maputo. Huyo ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kusimamia mafunzo.

Ili kuelewa uzito wa kazi hiyo, haina budi kukumbuka FRELIMO ilivyozaliwa. Chama hicho kiliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni, 1962, kwa kuunganisha vyama vitatu, yaani UDENAMO, MANU na UNAMI, vilivyoanzishwa na Wasumbiji waliokuwa wakiishi katika nchi tofauti za jirani. Kiongozi wake, Dokta Eduardo Mondlane, alikuwa msomi kutoka kusini. Muungano wa karatasi ulipatikana kwa siku chache, lakini muungano wa watu ulikuwa bado.

Katika hanga moja la Kongwa walikutana Mmakonde kutoka Mueda, ambako Wareno waliwaua wananchi kwa risasi tarehe 16 Juni, 1960, Mnyanja kutoka Niassa, Mmakua, mtu wa Tete, na Mshangaan kutoka Gaza. Wengi wa watu wa kaskazini hawakupata nafasi ya kusoma, na baadhi yao walikuwa wamefanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Watu wa kusini, waliokaa karibu na mji mkuu wa mkoloni, walikuwa na elimu zaidi. Hivyo palikuwa na hatari ya aina mbili. Aliyesoma aliweza kumdharau mwenzake kuwa mshamba. Naye yule ambaye ardhi yake ndiyo iliyokuwa uwanja wa vita aliweza kumtazama msomi kama mgeni aliyekuja kupanda juu ya mabega ya wengine. Mreno alizijua tofauti hizo na alizichochea kwa kila njia.

Vita vya ukombozi vilianza tarehe 25 Septemba, 1964, kwa shambulio la Chai, katika jimbo la Cabo Delgado. Mwaka uliofuata FRELIMO ilipata kambi yake kubwa huko Nachingwea, kusini mwa Tanzania, katika shamba jingine la ule mpango wa karanga, mahali panapojulikana kwa jina la Farm 17. Hapo ndipo njia ya kuwafanya watu wengi kuwa jeshi moja ilipopata sura yake kamili. Njia hiyo haikuwa na siri kubwa, lakini ilidai uvumilivu.

Jambo la kwanza lilikuwa kuwachanganya watu. Kuruta hakuachwa akae na watu wa kijiji chake. Mtu wa kaskazini na mtu wa kusini waliwekwa katika seksheni moja, wakalala pamoja, wakalinda pamoja usiku, na maisha ya kila mmoja wao yakategemea macho ya mwenzake. Ni vigumu kuendelea kumwita mtu mgeni baada ya kushika naye lindo la usiku mara nyingi.

Jambo la pili lilikuwa lugha. Watu hawa hawakuwa na lugha moja ya kuzaliwa. Kireno, ingawa kilikuwa lugha ya adui, kilichukuliwa kuwa lugha ya taifa, kwa sababu hakikuwa mali ya kabila lolote. Kiswahili nacho kilisaidia sana, hasa kwa wale waliotoka kaskazini na wale waliokaa Tanganyika. Aliyejua kusoma alipewa wajibu wa kumfundisha asiyejua. Hapo elimu, ambayo ingeweza kuwa ukuta kati ya msomi na mkulima, ikageuzwa kuwa deni la msomi kwa mwenzake.

Jambo la tatu lilikuwa kazi za mikono. Kambi ililima. Mahindi na mboga vilipandwa, na majengo yakajengwa na wanafunzi wenyewe. Wakufunzi na makamanda walishika jembe pamoja na makuruta. Askari yeyote anafahamu maana ya jambo hilo. Maneno ya mkubwa kuhusu usawa husahaulika kabla ya chakula cha jioni, lakini kuruta akimwona mkufunzi wake akitoka jasho katika tuta lilelile, hahitaji kuelezwa tena. Kamanda aliyekula chakula kile alichokula kuruta alikuwa na haki ya kumwamuru avumilie njaa siku chakula kilipokosekana.

Jambo la nne lilikuwa nyimbo na ngoma. Wapiganaji walitiwa moyo kufundishana ngoma za majimbo yao, kila mmoja akacheza ya mwenzake, na kwaya za kambi zikaimba kwa lugha mbalimbali. Wakufunzi waliona mbali katika jambo hili. Kumkataza mtu ngoma ya kwao ni kumfanya aipende zaidi kwa siri. Lakini ngoma ikichezwa na kambi nzima, haibaki tena kuwa alama ya kutengana.

Jambo la tano lilikuwa mikutano ya kukosoana na kujikosoa. Makosa ya zoezi, ya nidhamu na ya mwenendo yalizungumzwa mbele ya wenzake, na aliyekosa alipewa nafasi ya kueleza na kujirekebisha. Mikutano hiyo ilizuia manung'uniko kukua chini kwa chini. Hata hivyo, kama itakavyoonekana baadaye, chombo hicho kina makali pande zote mbili.

Mwaka 1967 mafunzo hayo yalifikia hatua ambayo wengi hawakuitarajia. Kundi la kwanza la wasichana 25, akiwamo Josina Muthemba, ambaye baadaye aliolewa na Samora Machel, liliingia Nachingwea kupata mafunzo ya siasa na ya kijeshi. Hapakukosa wanaume walioona kwamba bunduki haikuwa kazi ya mwanamke. Wakufunzi hawakujibu kwa hotuba tu. Waliwapa wasichana hao mafunzo ya kweli, na kutokana nao kikazaliwa Kikosi cha Wanawake, kilichobeba silaha, kulinda vijiji, kutunza yatima na kuhamasisha wananchi. Josina alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili, 1971, na siku hiyo ikawa Siku ya Wanawake wa Msumbiji.

Mtihani wa umoja huo haukuchelewa. Mwaka 1968 mgogoro mkubwa uliikumba FRELIMO. Shule yake ya Dar es Salaam ilifungwa baada ya ghasia za wanafunzi, na mwezi Mei ofisi yake mjini humo ilivamiwa. Lázaro Kavandame, aliyekuwa kiongozi wa chama katika Cabo Delgado, alisimama kutetea maslahi ya upande wake dhidi ya viongozi wa kusini. Tarehe 3 Februari, 1969, Dokta Mondlane aliuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi, na katika mwaka huo Kavandame akajisalimisha kwa Wareno. Mkoloni alitumaini kwamba Wamakonde wote wangemfuata mzee wao. Hawakumfuata. Wapiganaji wengi wa Kimakonde walibaki mstarini, chini ya makamanda ambao baadhi yao walizaliwa kilomita nyingi mbali na Rovuma. Jeshi lililokaa katika hanga moja na kulima shamba moja lilisimama mahali ambapo chama kilitikisika. Tarehe 7 Septemba, 1974, Ureno ilitia sahihi mapatano ya Lusaka, na tarehe 25 Juni, 1975, Msumbiji ikawa huru.

Lakini historia haisemi sifa peke yake, na askari mwenye busara husikiliza pia sehemu ya pili. Mwaka 1975 Nachingwea ileile ilitumika kuwakusanya watu waliotuhumiwa usaliti. Uria Simango, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais wa FRELIMO, alisimamishwa mbele ya umati akasoma maungamo yake. Baadaye yeye na wenzake kadhaa waliuawa bila kufikishwa mahakamani. Mkutano wa kukosoana, uliokuwa umebuniwa ili kumrudisha aliyekosa ndani ya kundi, ulikuwa umegeuka kuwa mlango wa kumtoa. Hapa pana onyo kwa kila mkufunzi. Umoja unaomwona kila mwenye mawazo tofauti kuwa adui huanza kwa kupata nguvu, na huishia kwa kujipunguza wenyewe. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1992 Msumbiji iliteketezwa na vita kati ya Serikali na RENAMO. Vita hivyo vilichochewa kwanza na utawala wa Rhodesia, kisha na wa makaburu wa Afrika Kusini, lakini vilipata kuni pia kutoka miongoni mwa Wasumbiji waliojiona wametengwa.

Nchi ya Zimbabwe nayo inatoa mafunzo mawili. La kwanza lilitokea katika ardhi ya Tanzania. Mnamo Novemba 1975, nchi zilizo mstari wa mbele ziliwahimiza wapiganaji wa ZANU na wa ZAPU kuungana katika jeshi moja, lililoitwa ZIPA. Mwaka 1976 vijana wa pande zote mbili waliwekwa pamoja katika kambi za Mgagao, Iringa, na Morogoro. Ardhi ilikuwa moja, adui alikuwa mmoja, na chakula kilitoka katika ghala moja. Lakini kila upande ulikuja na makamanda wake, nyimbo za kuwasifu viongozi wake, na mbinu za vita zilizotofautiana, kwa kuwa ZANU ilifuata zaidi mafunzo ya Kichina na ZAPU ya Kirusi. Waliokuwa na wajibu wa kuwaunganisha makuruta walikuwa wao wenyewe hawajaungana. Ugomvi ukazuka, silaha zikatumika, na vijana waliotoka makwao kwenda kumpigania mwananchi wakafa kwa mikono ya wenzao. Mkufunzi aliyegawanyika hawezi kuzaa kikosi kilichoungana, kama vile jembe lililokatika mpini lisivyoweza kupanda.

Funzo la pili ni zito zaidi. Baada ya uhuru wa mwaka 1980, Zimbabwe ilianza kuyaunganisha majeshi yake matatu ya zamani. Lakini kando ya kazi hiyo iliundwa Brigedi ya Tano, iliyofunzwa peke yake na wakufunzi kutoka Korea ya Kaskazini waliofika mwaka 1981. Askari wake wengi mno walitoka upande mmoja, yaani ZANLA, na walipewa mavazi na vyombo vya mawasiliano visivyolingana na vya brigedi nyingine. Bila shaka walikuwa na mshikamano. Mnamo Januari 1983 brigedi hiyo ilipelekwa Matabeleland, na maelfu ya raia wakauawa. Ni dhahiri basi kwamba mshikamano peke yake hautoshi kuwa sifa ya askari. Hata kundi la majambazi lina mshikamano. Mkufunzi hana budi kuulizwa kila mara: hawa wameunganishwa kwa ajili ya nani, na nani ameachwa nje ya uzio?

Kwa bahati njema, ni katika nchi hiyohiyo ya Zimbabwe ambapo Wasumbiji walipata nafasi ya kuanza tena. Tarehe 4 Oktoba, 1992, Rais Joaquim Chissano na Bwana Afonso Dhlakama wa RENAMO walitia sahihi mapatano ya amani mjini Rome. Mapatano hayo yalitaka liundwe jeshi jipya la watu 30,000, nusu kutoka kila upande. Watu waliokuwa wakiviziana kwa miaka 15 walitakiwa kulala katika hanga moja na bunduki zao kichwani.

Safari hii kazi ilianzia mahali panapostahili. Mwaka 1993, kabla ya kuruta yeyote kuitwa, zaidi ya askari 500 waliochaguliwa kutoka pande zote mbili walipelekwa Nyanga, mashariki ya Zimbabwe, wakafunzwa na maofisa wa Kiingereza ili wawe wakufunzi. Waliporudi Msumbiji, walipelekwa katika vituo vya mafunzo wakiwa wamekwisha kujuana. Kuruta aliyetoka RENAMO alipofika uwanjani hakukuta wakufunzi wa Serikali peke yao wakimngoja, wala yule wa Serikali hakukuta maadui wa jana wakiwa wamejitenga upande wao. Wote wawili walikuta timu moja. Juu kabisa nako palifuatwa kanuni hiyohiyo: majenerali wawili, Lagos Lidimo wa upande wa Serikali na Mateus Ngonhamo wa RENAMO, waliapishwa mwaka 1994 kuliongoza jeshi hilo pamoja.

Waliojitokeza kujiunga hawakufika 30,000. Walikuwa kiasi cha 12,000 tu, kwa sababu wengi walikuwa wamechoka na vita na walitaka kurudi makwao. Lakini wale waliobaki walitosha kuivusha nchi katika uchaguzi wa Oktoba 1994 bila ya jeshi hilo kupasuka. Miaka iliyofuata ilionyesha pia kwamba kazi hiyo haimaliziki siku ya kuhitimu. Maofisa waliotoka RENAMO walilalamika kwamba walisukumwa pembeni na kustaafishwa kabla ya wenzao, na wapiganaji wa chama hicho ambao hawakunyang'anywa silaha waliingia tena msituni mwaka 2013. Ilibidi mapatano mengine yatiwe sahihi mjini Maputo mwezi Agosti 2019. Umoja wa askari ni kama silaha yenyewe: isiposafishwa, hushika kutu ikiwa ghalani.

Kwa hiyo, ukitazama kutoka Colito hadi Kongwa, kutoka Nachingwea hadi Mgagao, na kutoka Mgagao hadi Nyanga, jambo moja linajirudia. Kikosi huiga kile ambacho wakufunzi wake wanakifanya, zaidi ya kile wanachokisema. Wakufunzi wakiwa na mesi ya watu wa kwao, makuruta nao watakaa kwa makabila yao. Sajini akimpa mtoto wa mjomba wake kazi nyepesi na kumwachia mwingine choo cha kuzibua, kila kuruta aliye katika paredi atakuwa amesoma somo ambalo hakuna hotuba ya siku ya kuhitimu itakayoweza kulifuta. Na mkufunzi wa polisi akimzungumzia raia kwa dharau mbele ya wanafunzi wake, dharau hiyo itatembea mitaani ikiwa imevaa sare.

Hayo hayahitaji fedha nyingi wala vifaa kutoka ng'ambo. Yanahitaji orodha ya seksheni inayopangwa kwa uangalifu, zamu ya kazi isiyopendelea mtu, lugha moja inayoeleweka na wote, mahali pa kusema kosa bila ya kuogopa kuangamizwa, na mkubwa anayekula baada ya watu wake kula. Wahenga walinena kwamba samaki mkunje angali mbichi. Kuruta ndiye samaki huyo, na wiki zake za kwanza deponi ndizo wakati wake wa kukunjika. Taifa humkabidhi mkufunzi watoto wake wakiwa bado ni wa Mueda, wa Gaza, wa Tete au wa Niassa. Siku moja watasimama njia panda wakiwa na silaha mikononi, mbele ya raia asiyejua walikozaliwa, na hapo ndipo itakapojulikana mkufunzi huyo aliwafundisha nini.